Vidonge vitatu Nicodemus: kisa cha wastaafu wawili kwenye nyanda za Kansas

Jumamosi ya mwisho ya Julai, saa saba na dakika ishirini mchana, mume wangu alifungua kijisanduku chake cha dawa, kile cha plastiki chenye vyumba kumi na vinne, akakifunga. Akakifungua tena, akakifunga. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni nikimenya chungwa. Alipokifungua mara ya tatu nikaweka chungwa chini, maana mume wangu si mtu wa kurudia jambo mara tatu. Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja, cha jioni hiyo, na nyumbani tungefika Jumatatu adhuhuri. Hesabu haikuhitaji kalamu: Jumapili asubuhi, Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi. Vidonge vitatu havipo.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la dawa, tena la pekee katika mji ule. Kibao cha mlangoni kilisema Jumamosi wanafunga saa sita mchana na Jumapili hawafungui kabisa. Jina la mji nimeliacha makusudi, kwa kuwa haukutukosea lolote. Taa ndani zilikuwa zimezimwa. Nyuma ya kioo paka alilala juu ya rundo la magazeti kama aliyeajiriwa kulinda.

Kila ninayemsimulia kisa hiki hucheka, kisha husema: mngebeba chupa nzima. Kweli kabisa. Ila anayejibu hivyo anadhani kosa lilitokea siku ya kufungasha, yakaisha. Mimi nimelifikiria jambo hili miezi sasa, na naona kosa letu lilikuwa la vipimo. Mume wangu aliipima safari kwa lori, mimi niliipima kwa siku, na miji tuliyoipitia ilikuwa imepimwa kwa farasi.

Watu na gari

Yeye ana miaka 71, mimi 66. Tulitoka pwani ya Afrika Mashariki tukiwa vijana, na sasa tunaishi Kansas City, upande wa Missouri. Mimi nimestaafu kazi ya usaidizi wa wauguzi: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwapima presha, kuandika. Yeye aliendesha lori la masafa marefu miaka 19. Miaka sita iliyopita moyo ulimsumbua, akawekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, na tangu hapo yumo kwenye metoprolo, dawa ya kundi la beta-bloka, asubuhi na jioni. Wanaoijua dawa hii wanajua sharti lake: mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo haachi ghafla. Moyo uliokuwa umefungwa hatamu ukiachiwa kwa mkupuo, mapigo hupanda, presha hupanda, na kifua kinaweza kubana. Dozi moja ikikosekana si mwisho wa dunia. Tatu mfululizo, kwenye joto la Julai, sikutaka kuzijaribu.

Wazo la safari lilikuwa lake. Barabara ya Interstate 70 inakata Kansas kwa maili 424, na sheria ya serikali kuu inamruhusu dereva wa lori saa 11 za usukani katika muda wa saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Kwa hiyo Kansas nzima kwake ilikuwa pungufu ya zamu moja. Miaka yote hiyo alisoma vibao vya kutokea, Hays, WaKeeney, Oakley, Colby, Goodland, bila kutoka ila kwa mafuta na choo. "Nimepita Colby zaidi ya mara mia mbili," aliniambia siku moja tukinywa chai, "na ukiniuliza kama Colby ina kanisa sijui." Akaweka sharti: tutaenda kuiona miji midogo, na Interstate 70 hatutaigusa hata kwa tairi moja. Likumbuke sharti hilo.

Mpango ulikuwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa gari letu dogo. Kijisanduku chake hujazwa kila Jumapili baada ya chai ya asubuhi. Jumapili ya kabla ya safari alikijaza kama kawaida, akameza cha asubuhi na cha jioni, na Jumatatu tukaondoka na vyumba kumi na viwili vyenye dawa: Jumatatu hadi Jumamosi. Siku tano za safari, siku sita za dawa. Mtu yeyote angeiona hesabu hiyo ni ya busara, na mimi mwenyewe niliiona hivyo.

Njia

Tulipitia St. Joseph, mji wa kando ya mto Missouri, tukaingia barabara ya US 36 kuelekea magharibi. Hapo St. Joseph ndipo Pony Express ilipoanzia Aprili 1860, posta ya wapanda farasi waliopeleka barua hadi Sacramento, California. Watu huizungumzia kama iliendelea karne nzima. Ilidumu miezi kumi na minane tu, simu ya waya, yaani telegrafu, ikaiua Oktoba 1861. Marysville, ambako tulilala usiku wa kwanza, bado lipo zizi la mawe la farasi wale. Mpandaji alibadilisha farasi kila maili 10 hadi 15, kwa sababu huo ndio mwendo ambao mnyama huweza kukimbia kabla hajachoka. Mume wangu aliyasikia hayo akatikisa kichwa kama dereva anayemsikia dereva mwenzake. Mimi nilivutiwa zaidi na kindi weusi wa Marysville, wanaokatiza barabara kwa maringo kama wenye hati ya mji.

Baada ya Marysville nyanda zinaanza kufunguka, na unaanza kuuona mchezo wa maghala. Kwanza mbele kabisa kinachomoza kitu cheupe, chembamba, kama jino. Ukisogea kinakuwa mnara wa saruji: ghala la nafaka kando ya reli. Ukifika chini yake ndipo unagundua kwamba pana mji: barabara moja pana, posta, kanisa mbili au tatu, benki, maduka ambayo nusu yake vioo vimefunikwa kwa karatasi. Unapita. Dakika nane au tisa baadaye, jino jingine linachomoza.

Mume wangu alianza kuhesabu dakika hizo kwa saa yake ya mkononi, na siku ya pili akaniuliza kwa nini miji imepangwa hivi, kama shanga. Jibu ni mkokoteni. Reli zilipoingia huku katika nusu ya pili ya karne ya 19, makampuni yalipanda stesheni kwa umbali ambao mkulima angeweza kupakia ngano yake, kukokotwa na farasi hadi ghalani, akauza, akanunua chumvi na misumari, na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sheria ya mashamba ya mwaka 1862 ilikuwa ikigawa ekari 160 kwa kila aliyekubali kukaa na kulima miaka mitano, kwa hiyo watu walikuwapo. Kila maili saba, nane, kumi, mji. Kila mji na duka lake la dawa, daktari wake, benki yake. Kisha likaja gari la petroli, mkulima akaweza kwenda mji wa mbali wenye bei nafuu, na matrekta yakafanya shamba moja limeze mashamba kumi. Kaunti ya Graham, tutakayofika sasa hivi, ilikuwa na watu zaidi ya 7,000 mwaka 1930; mwaka 2020 walihesabiwa kama 2,400. Shanga zimebaki mahali pake, uzi ndio umekatika.

Haya yote niliyajua siku ya pili. Nilimweleza mume wangu vizuri tu, nikifurahia sauti yangu. Haikunijia akilini kwamba yanahusu kijisanduku kilichokuwa kwenye mkoba miguuni pangu.

Karibu na Lebanon tulisimama katikati ya Marekani, yaani katikati ya majimbo 48 yaliyoshikana. Mwaka 1918 wapimaji walikata ramani ya nchi kwenye kadibodi, wakatafuta ncha ambayo kadibodi ile ingekaa juu yake bila kuinama. Mnara wa ukumbusho wenyewe haupo pale hasa, kwa sababu pale hasa ni shamba la mtu. Pana kikanisa kidogo chenye viti vichache, bendera, na upepo. Mume wangu alijaribu kumenya yai la kuchemsha, upepo ukachukua maganda, kisha chumvi, kisha kofia. Tulicheka hadi tukakaa chini. Ndiyo siku tuliyokuwa na furaha zaidi, na hakuna lililotokea.

Norton tulikaa usiku mmoja zaidi ya mpango kwa sababu ya benki. Ndani ya benki moja ya mji huo kuna picha za watu wote waliogombea urais wa Marekani wakashindwa, zimepangwa ukutani kwa fremu nyeusi. Mmoja wao, Horace Greeley, alipita hapo mwaka 1859 kwa gari la farasi, na mwaka 1872 akagombea akashindwa na Rais Grant. Mume wangu alisoma kila maelezo, aliyeshindwa baada ya aliyeshindwa, kwa heshima ambayo sijawahi kumwona nayo msikitini. Asubuhi ya pili, kwenye mkahawa, mama mmoja aliyetusikia tukizungumza Kiswahili alituuliza kama tunakwenda Nicodemus kwenye sherehe. Sherehe gani? Akatueleza. Mume wangu akanitazama. Mimi ndiye niliyesema, "Twende, siku mbili tatu zaidi zina nini?" Naiandika sentensi hiyo kwa sababu mume wangu ameniomba iwepo.

Nicodemus

Kwa msomaji mwenye asili ya Afrika, hapa ndipo nyanda hizi zinapobadilika sura. Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na Waafrika-Wamarekani waliotoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani, miaka kumi na miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Waliambiwa kuna ardhi, kuna mji. Walipofika hapakuwa na mji. Waliotangulia walikuwa wamechimba mashimo kwenye kingo za ardhi na kuishi humo, na yupo mama mmoja aliyesimulia baadaye kwamba alipooneshwa Nicodemus aliona moshi tu ukitoka ardhini, akaanza kulia. Familia kadhaa ziligeuza zikarudi. Waliobaki walivuka msimu wa kwanza wa baridi kwa msaada, pamoja na ule wa Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliowapa nyama.

Mji ulisimama: makanisa, shule, hoteli, magazeti mawili. Mkazi wake mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Kansas mwaka 1882. Kisha reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa dola 16,000 za hati za mkopo ili kampuni ya reli ipitie kwao. Mwaka 1888 reli ikapita upande wa pili wa mto Solomon, na mji ukaota huko ng'ambo, ukaitwa Bogue. Wafanyabiashara wakahamisha maduka yao, wengine na majengo yenyewe. Maili chache tu. Kwa gari leo ni mwendo wa kukohoa mara mbili, lakini kwa mkokoteni wa ngano ulikuwa ndio uhai wenyewe.

Leo wakazi ni wachache mno, hawajazi basi. Tangu mwaka 1996 serikali kuu imeutambua kuwa eneo la kihistoria la taifa. Na kila mwisho wa Julai wajukuu wa wajukuu hurudi, kutoka Denver, Wichita, Kansas City, California, kwa sherehe ya ukombozi ambayo imekuwa ikifanyika tangu karne ya 19. Viti vya kukunja chini ya kivuli, watoto wenye magoti ya vumbi, wazee wenye fulana za ukoo zenye majina mgongoni. Tulipokelewa bila maswali. Mtu alimpa mume wangu kiti, mwingine akampa sahani. Walipojua tumetoka Afrika Mashariki, bibi mmoja alinishika mkono akautazama, wala hakusema neno, kisha akanimiminia limau ya barafu. Nadhani nilielewa. Nadhani pia sikuelewa, na nimeliacha hivyo.

Nicodemus haina duka la dawa wala moteli, ndiyo maana tulikuwa tumelala mji wa jirani, na ndiyo maana Jumamosi mchana tulitoka sherehe kidogo kwenda huko kununua barafu na maji, tukaegesha mbele ya yule paka.

Tulivyoamua

Mume wangu alikuwa na jibu tayari: turudi nyumbani usiku huohuo. "Maili mia tatu na ushee, kitu gani?" Hapo ndipo nilipoiona lori kichwani mwake. Ana miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka jana, taa za mbele bado zinamchoma, na swala wa huku hutoka kwenye majani machweo kama waliokodishwa. Nikakataa. Ikawa kimya cha dakika tano, dakika ndefu.

Njia ya pili ilikuwa hospitali. Makao makuu ya kaunti nyingi za huku yana hospitali ndogo za kundi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997: vitanda visivyozidi 25, chumba cha dharura wazi saa 24, kwa kawaida mbali na hospitali nyingine kwa zaidi ya maili 35. Bila mpango huo nyingi zingekuwa zimefungwa. Daktari wa zamu angeweza kumwandikia vidonge. "Siendi emajensi na miguu yangu mizima," alisema, na kwa saa ile nilimkubalia, ingawa tulipatana kitu kimoja bila mjadala: kifua kikibana, au jasho baridi, tunakwenda, hata kama ni katikati ya hotuba ya mtu.

Tulirudi Nicodemus kufikiri, na hapa nikafanya jambo ambalo mfanyakazi wa hospitali yeyote angefanya: nikauliza kivulini nani ana mashine ya kupima presha. Mikono mitatu ilinyanyuka. Nikakumbuka nipo katikati ya watu wenye umri wetu, na kwamba presha haina uraia. Mume wangu alipimwa na mashine tatu tofauti za watu watatu walioshindana ya nani ni sahihi zaidi. Zote zilisema yuko sawa, kwa kuwa kidonge cha asubuhi bado kilikuwa kazini.

Kisha babu mmoja mwenye kofia ya majani akatoa chupa yake mfukoni. "Metoprolo? Ninayo. Chukua vitatu." Alisema kama anayetoa sigara. Mume wangu alikwisha nyoosha mkono.

Niliomba nisome lebo. Chupa ya mume wangu huandikwa metoprolo tatreti, ile ya kawaida, inayomezwa mara mbili kwa siku. Chupa ya babu iliandikwa metoprolo saksineti, inayoachiliwa polepole, mara moja kwa siku, na miligramu zake zilikuwa nyingi kuliko za kwetu. Jina la mbele ni lile lile, dawa ni ile ile, lakini huwezi kuzibadilishana kidonge kwa kidonge. Mtu anayemeza saksineti ya babu asubuhi na jioni kwa mazoea yake ya tatreti anaweza kujikuta mapigo yamelala, kichwa kinazunguka, na nje joto ni la kuchoma. Nikamrudishia babu chupa yake kwa mikono miwili, nikamshukuru kama alivyostahili. Kisheria pia hairuhusiwi kugawana dawa ya cheti, lakini sikuwaza sheria. Niliwaza neno moja dogo kwenye lebo, lenye herufi ambazo mzee asiye na miwani hazioni.

Jibu lilitoka kwenye simu. Duka letu la dawa la nyumbani ni la kampuni kubwa yenye matawi mengi, na tawi moja lipo Hays, mwendo wa zaidi ya saa moja kusini kupitia Stockton na Plainville. Kumbukumbu za mgonjwa huonekana kwa matawi yote. Mfamasia aliyepokea simu alisema Jumapili wanafungua saa nne asubuhi, cheti cha mume wangu anakiona, lakini bima itakataa: alichukua dawa za miezi mitatu wiki tatu tu zilizopita, na mashine ya bima ikiona hivyo hudhani unajaza mapema mno. Upo utaratibu wa kuomba ruhusa ya msafiri, ila alitushauri tununue vidonge vichache kwa fedha taslimu, kwa sababu dawa hii haina jina la kampuni na bei yake ni ndogo. Ilikuwa kweli: haikufika bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Niliuliza pia ingekuwaje kama tusingekuwa na tawi. Akasema duka lingine lingeweza kuomba cheti kihamishwe, ila ni lazima duka la kwanza liwe wazi, na kwamba katika majimbo mengi mfamasia ana ruhusa ya kutoa dozi za siku chache kwa dharura akiona inafaa, mradi si dawa zile zinazodhibitiwa kwa ulevi.

Jumapili tuliondoka saa tatu kasoro. Mume wangu hakusema neno hadi Plainville. Hays ipo pale pale kwenye Interstate 70, na duka lenyewe lilikuwa karibu na njia ya kutokea, katikati ya vituo vya mafuta ambavyo amejazia lori miaka 19. Vidonge tulivipata. Alimeza cha asubuhi saa tano na dakika arobaini, saa nne nyuma ya muda wake, akisimama mahali ambapo zamani alikuwa akinunua kahawa na kuondoka. Kisha akaniomba tuendeshe kidogo ndani ya mji. Tukaendesha. Hays ina kanisa, tena kubwa, la mawe, na mitaa yenye miti.

Kosa lilikuwa wapi

Mume wangu hupima umbali kwa saa za usukani. Kwake Jumamosi na Jumatano ni sawa, kwa sababu kituo cha malori hakijui Jumamosi. Mimi nilipima kwa siku: siku tano, dawa za siku sita, akiba ya siku moja, starehe. Akiba hiyo ingetosha barabara kuu, ambako kila kitu kiko wazi. Haikutosha mahali ambapo huduma hufungwa Jumamosi saa sita na kufunguka Jumatatu, kwa sababu huko siku moja ya kuchelewa inaweza kugeuka siku tatu. Ukichelewa Jumanne unapoteza Jumanne. Ukichelewa Ijumaa unapoteza mwisho wa juma wote.

Na ile paka? Duka lile halikufungwa mapema kwa uvivu. Wateja wake ni watu wa kaunti iliyopungukiwa watu. Mfamasia pengine ni mmoja, na hana wa kumpokea zamu. Wenyeji wanazijua saa zake kama tunavyojua saa za adhana, wanachukua dawa zao Ijumaa. Anayekutwa ni mgeni. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, walisema wazee wetu, na sisi hatukuwa hata na usultani, tulikuwa na barafu.

Tunatofautiana hadi leo juu ya sentensi yangu ya Norton. Yeye anasema safari ingeisha Ijumaa salama kama nisingetaka sherehe. Ni kweli. Mimi nasema anayebadilisha siku za safari lazima ahesabu tena vitu vyote vinavyohesabika, dawa kwanza, saa ile ile, hapo hapo mezani kabla ya kulipa chai, na kwamba mkoba ulikuwa miguuni pangu lakini kijisanduku ni chake. Hilo nalo ni kweli. Sherehe siijutii. Ningekwenda tena hata kama ningejua.

Tulichobadilisha ni kidogo. Chupa nzima husafiri, yenye lebo yake, na kijisanduku hubaki nyumbani. Picha ya kila lebo imo kwenye simu zote mbili, pamoja na lile neno la pili. Mpango ukivuka Ijumaa, tunapiga simu duka la dawa la mbele kabla hatujafika. Hayo tu.

Machi ijayo anataka twende Nebraska, mto Platte karibu na Kearney, ambako korongo wa kijivu hutua kwa mamia ya maelfu kila mwaka wakielekea kaskazini. Jana nimemwona akijaribu kupanga gari mapema. Chupa ya dawa alikuwa ameshaiweka kwenye kijidroo cha dashibodi, mahali panapochemka kama sufuria jua likiwaka. Nikaitoa. Akairudisha. Sasa hivi ninavyoandika ipo mezani kati yetu, na hakuna aliyeigusa tangu asubuhi.